Kwenda Bungoma si kurudishwa Bungoma

Swali "Kwenu ni wapi?" huulizwa kwa wepesi katika miji mingi, na anayeulizwa hujibu akashika njia yake. Mjini Kitale swali hilo lina uzito wa pekee. Mwanafunzi aliyezaliwa mtaani Tuwan, au katika mashamba ya Kiminini na Endebess, akiulizwa kwao husita kidogo kabla ya kujibu. Akisema Kitale, muulizaji hutikisa kichwa na kumrudia: "La, nauliza kwenu hasa." Hapo ndipo kijana anapotaja Kimilili, Chwele au Sirisia, mahali ambapo pengine amefika mara mbili tu tangu azaliwe, na mara zote mbili alikuwa amepelekwa mazishini.

Kila shule zinapokaribia kufungwa, wazazi huulizana watoto watakwenda wapi. Wenye uwezo huwapeleka Mombasa kuogelea. Wengine huwaacha mbele ya runinga hadi muhula ufunguliwe. Hoja yangu ni kwamba mzazi wa Trans Nzoia mwenye asili ya Bungoma ana wajibu wa kumpangia mwanawe, walau mara moja kabla hajamaliza shule ya sekondari, ziara ndefu ya huko walikotoka babu zake: wiki tatu au zaidi, iliyopangwa kwa uangalifu uleule anaoutumia kumtafutia shule. Hata hivyo, hoja hiyo haiwezi kusimama kabla hatujaeleza kwa nini wazazi wengi, ambao wala si wavivu wala si wachoyo, wanaiogopa ziara ya namna hiyo.

Jina la Trans Nzoia lenyewe lina maana ya ng'ambo ya mto Nzoia. Ni jina lililotolewa na watu waliolitazama eneo hili wakiwa upande mwingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi ardhi hii ikawa sehemu ya nyanda za juu walizojitengea Wazungu, na ilipofika mwaka 1926 reli ilikuwa imekwisha kuingia Kitale kuchukua mahindi yao. Mashamba hayo yalihitaji mikono. Watu wengi walitoka Bungoma, hatua chache tu kutoka hapo, wakaja kulima, kukamua ng'ombe na kuishi kama maskwota katika ardhi ambayo hawakuruhusiwa kuimiliki. Uhuru ulipokaribia, wenyeji wa pande zote walidai Kitale ni yao. Suala hilo lilifikishwa mbele ya tume ya mipaka ya mwaka 1962, na lilikuwa moja kati ya yaliyozusha joto kubwa zaidi. Hatimaye Trans Nzoia ikawekwa katika Bonde la Ufa, na Bungoma katika Magharibi. Hapo mstari ukapitishwa katikati ya ndugu. Baadaye, kwa vyama vya ushirika, kwa makampuni ya kununua mashamba na kwa mikopo, familia nyingi zilizokuwa za vibarua zikawa zenye hatimiliki. Zilinunua. Neno hilo lisisahaulike.

Kisha ukaja mwaka 1991 na siasa za vyama vingi. Ghasia zilizozuka Bonde la Ufa kuanzia mwaka huo zilifika Endebess, Saboti na Kwanza, na watu waliokuwa wamelima huko kwa vizazi viwili wakaitwa madoadoa na kuambiwa warudi kwao. Nyumba zilichomwa. Waliokimbia walijaa Kitale mjini na wengine wakavuka kuingia Bungoma, ambako hawakuwa na kibanda wala shamba. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi mwaka 1992, na tume ya Jaji Akiwumi ikaundwa mwaka 1998. Kurasa zikaandikwa, mashahidi wakasikilizwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 hayo yakarudiwa, na uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale ukageuka kuwa kambi ya hema za wakimbizi wa ndani.

Mzee aliyepitia hayo alijifunza somo ambalo halimo katika silabasi. Alijifunza kunyamaza kuhusu Bungoma. Alijua kwamba kila anapowaambia wanawe habari za kwao, kila anapowapakia kwenye matatu kwenda kwa babu, anampa jirani mwenye nia mbaya ushahidi wa kutumia siku ya ghasia: huyu ana kwao, basi na aende. Kwa hiyo akachagua kuwa mtu wa Kitale na wa Kitale pekee. Watoto wakakua na Kiswahili kizuri na Kiingereza cha shuleni, wakakosa Kibukusu. Wakamjua mwenye duka jirani, wakakosa kumjua shangazi. Sidhani kuna haki ya kumlaumu mzazi huyo. Lakini tukiacha hofu yake iendelee kutuamulia, basi wale waliotoa amri ya "rudini kwenu" watakuwa wameshinda mara mbili. Kwanza walitaka kumnyang'anya mtu shamba lake, na sasa, bila hata kunyosha kidole, wamemnyang'anya mjukuu wake nasaba.

Walimu wa sarufi wanaifahamu tofauti iliyopo kati ya kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Kwenda ni kitenzi cha mtu huru. Huchagua siku ya kuondoka na siku ya kurejea. Kurudishwa ni kitendo unachofanyiwa. Mtoto wa Kitale akienda Bungoma kwa mwezi mmoja, nauli ya kurudia Kitale ikiwa mfukoni, hajakiri kuwa Kitale si kwao, kama ambavyo mwanafunzi anayekwenda bwenini hajakiri kuwa nyumbani kwao ni bwenini. Jambo hili mzazi amweleze mwanawe waziwazi kabla ya safari: "Unakwenda kuwaona watu wako. Hapa ni kwako, na utarudi."

Kuna watakaonipinga kwa kusema kwamba mtu hana kwao pawili. Watanikumbusha kesi maarufu ya maziko ya wakili S. M. Otieno mwaka 1987, ambapo mahakama zilibishaniwa kwa miezi kadhaa kuhusu kama nyumba aliyojenga viungani mwa Nairobi yaweza kuitwa nyumbani kwake, na mwishowe akazikwa Nyalgunga, Siaya, kama ukoo wake wa Umira Kager ulivyotaka. Hukumu ile iliwafundisha Wakenya wengi kwamba nyumba ni jambo moja na nyumbani ni jingine. Naiheshimu mahakama, lakini maisha ya watu wa Trans Nzoia yametoa jibu tofauti. Masinde Muliro alizaliwa mwaka 1922 upande wa Kimilili. Alipofariki Agosti 1992 alizikwa shambani kwake Trans Nzoia. Michael Kijana Wamalwa alizaliwa mwaka 1944 huko Sosio, karibu na Kimilili. Alipofariki London akiwa Makamu wa Rais, Agosti 2003, mwili wake uliletwa kuzikwa Kitale. Hao si watu walioikana asili yao. Kila mmoja alikuwa Mbukusu kindakindaki, na hakuna aliyeona kaburi lake limewekwa ugenini. Makaburi yakishahama, nyumbani nako kumehama. Kilichobaki Bungoma ni asili, na asili haihitaji mtu kuiishi kila siku ili awe nayo. Inahitaji kutembelewa.

Sasa tuitazame ziara yenyewe. Safari nyingi za kwenda Bungoma leo ni za matanga. Simu inalia usiku, familia inachangisha nauli, matatu inakodishwa, watu wanafika Ijumaa jioni, mazishi ni Jumamosi, na Jumapili adhuhuri kila mtu anatafuta gari la kurudi ili awahi kazi ya Jumatatu. Mtoto anayeletwa katika pilikapilika hiyo anaonyeshwa watu mia moja kwa saa kumi. "Huyu ni babu yako mdogo. Huyu ni senge. Huyu ni khocha." Anatoa mkono, anapokea sahani, analala kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai. Akirudi Kitale, anachokumbuka ni vumbi na kilio, naye hujenga imani kwamba Bungoma ni mahali ambapo watu hufa. Tena sherehe yenye elimu kubwa zaidi katika msiba wa Wabukusu, yaani kumuse, ambapo msemaji mwenye kipaji husimama mbele ya umati na kuwakumbusha watu historia ya koo, miiko na wajibu wao, hufanywa siku chache baada ya maziko ya mzee mwenye hadhi. Wageni wa Kitale na Nairobi huwa wamekwisha kuondoka. Jina la Manguliechi, aliyesifika sana kwa kumuse, watoto wao hulisikia redioni, kama hulisikia kabisa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hufundishwa madarasani kama onyo kwa wageni wazembe. Mimi naiona kuwa kanuni bora ya kupimia urefu wa ziara. Siku mbili za kwanza mtoto ni mgeni: huchinjiwa kuku, hukalishwa sebuleni, huulizwa habari za masomo na kujibu kwa Kiswahili. Hakuna anachojifunza isipokuwa kwamba watu wake ni wakarimu. Elimu huanza siku ya tatu anapopewa jembe. Anapotumwa kuteka maji ndipo anapoijua njia ya mtoni na jina la kila boma analopitia. Anapochuma mrenda na kukaa na kukhu wake kuuchambua, wakisubiri munyu wa majivu uchujike, ndipo bibi huyo anapoanza kusema yale ambayo hawezi kuyasema kwa kuulizwa: nani alimwoa nani, kwa nini boma lile na hili hawanywi pombe pamoja, ni shangazi yupi alikwenda Uganda asirudi. Lugha nayo haifundishwi kwa siku mbili. Wiki ya kwanza mtoto husikia kelele. Wiki ya pili husikia maneno. Wiki ya tatu, akiitwa, huitika kwa Kibukusu kabla hajafikiri. Walimu wa lugha wanajua kwamba hakuna kitabu kinachoweza kufanya kazi hiyo kwa muda huo.

Kuna sababu nyingine ya kuijua nasaba ambayo vijana wa vyuo wataielewa haraka. Wabukusu hawaoani ndani ya ukoo wa baba, wala hawaoi katika ukoo wa mama. Kijana na msichana waliolelewa Kitale au Eldoret bila kuzijua koo zao wanaweza kukutana chuoni, wakapendana, wakafikishana hadi kwa wazee, na siku ya kujadili mahari ndipo inapobainika kwamba ni ndugu. Machozi ya siku hiyo yangeweza kuzuiwa na likizo moja.

Mwanafunzi aendapo achukue daftari, lakini alitumie kwa busara. Duniani kuna mfano wa kutufundisha. Alex Haley, mwandishi Mmarekani mweusi, alisafiri hadi kijiji cha Juffure nchini Gambia kutafuta asili yake, na kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu babu yake Kunta Kinte kiliwagusa mamilioni ya watu. Mwaka 1977 mwandishi wa habari wa Uingereza, Mark Ottaway, alifuatilia nyayo hizo na kueleza kwamba mzee aliyemsimulia Haley alikuwa na habari zisizoaminika, na kwamba kijijini ilikuwa imekwisha kujulikana mgeni alitaka kusikia nini. Simtaji Haley ili kumdhihaki. Kiu yake ilikuwa ya kweli, na wengine wengi wameihisi. Mwaka 2019 serikali ya Ghana iliwaalika watu wenye asili ya Afrika warudi kutembea, miaka 400 tangu Waafrika wafikishwe Virginia mwaka 1619, na wakaitikia kwa wingi, wengine wakiwa wameweka akiba kwa muda mrefu. Hao walivuka bahari kutafuta hata jina la kijiji tu. Mtoto wa Kitale anajua jina la kijiji, anajua jina la babu, na umbali haufiki kilomita 100. Lakini ajifunze kutokana na yaliyompata Haley: asimwulize mzee swali lenye jibu ndani yake. Asiseme, "Je, si kweli babu yetu alikuwa shujaa?" Aulize, "Babu alikuwa mtu wa namna gani?" kisha anyamaze. Na aliloambiwa na mzee mmoja akaliulize kwa mwingine.

Wakati wa kwenda una uzito wake. Wabukusu hutahiri mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, yaani 2024, 2026 na kuendelea, desturi wanayoichangia na ndugu zao Wagisu wa upande wa Uganda, ambao hufungua msimu wao huko Mutoto karibu na Mbale. Agosti ya mwaka wa shufwa ni chuo kikuu. Kijana anayetaka kutahiriwa hushika njuga zake, chinyimba, akakimbia kutoka boma hadi boma kuwaalika jamaa, na sharti afike kwa mjomba wake, ndugu wa mama, ambaye humchinjia. Yaani sherehe yenyewe humlazimisha mtoto kuijua ramani ya ukoo kwa miguu yake. Ajabu ni kwamba familia nyingi za mjini siku hizi humpeleka kijana hospitali kimya kimya, jambo ambalo kiafya halina ubaya wowote, lakini husahau kumpitisha kwa mjomba. Kisu cha daktari hakikatazi kutembea. Kwa upande mwingine, mzazi asidanganyike kwamba kila kinachofanyika katika msimu huo ni cha kujivunia. Kuna ulevi, kuna nyimbo zisizofaa masikio ya watoto wadogo, na walimu wengi wanalalamika kwamba wavulana wakitoka jandoni hujiona wazee, hawataki kusahihishwa na mwalimu wa kike. Anayetaka utulivu na aichague likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, au Agosti ya mwaka wa witiri, mahindi ya Bungoma yanapovunwa na kazi ya kupewa mgeni wa siku ya tatu si haba.

Maandalizi mengine ni ya kawaida, nami nitayapita upesi. Bungoma iko chini kuliko Kitale na malaria huko ni nyingi zaidi. Mtoto aliyezoea baridi ya Kitale asiende bila chandarua. Mwenyeji apelekewe sukari, majani chai, sabuni na unga wa kumtosha mgeni wake, kwani ukarimu wa kijijini haupaswi kugeuzwa mkopo usiolipwa. Mtoto asikae boma moja muda wote, agawanywe kwa baba wadogo, kwa shangazi na kwa wajomba.

Jambo moja, lakini, halifai kupitwa upesi, nalo ni ardhi. Mashamba ya Bungoma yamegawanywa na kugawanywa tena hadi mengine hayazidi ua wa nyumba. Ndugu aliyebaki akilima kipande cha babu akimwona mtoto wa kiume wa nduguye aliyehamia Kitale akishuka na begi kubwa, akikaa wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu, akiuliza mipaka ilikuwa wapi, moyo wake hautulii. Atajiuliza kama kijana ametumwa kudai fungu. Wengi wa jamaa hukaribisha watoto kwa wiki moja kwa furaha na kuanza kununa ya pili, na sababu huwa ni hii. Kwa hiyo mzazi mwenyewe amsindikize mtoto, akae usiku mmoja, na mbele ya wazee aseme bayana mtoto amekuja kufanya nini. Kama kuna suala la urithi lisilomalizika, lishughulikiwe na watu wazima kwa sheria ya urithi. Mtoto asitumiwe kama kigingi cha kuwekea mpaka.

Elimu ya ziara ianze Kitale kabla ya matatu kuondoka. Pale mjini pana makavazi yaliyotokana na mkusanyiko wa mlowezi Hugh Stoneham, aliyeanzisha makavazi yake mwaka 1926 na kuuachia umma hazina yake alipofariki mwaka 1966. Humo wanafunzi wanaweza kuona nyumba za jadi na vyombo vya jamii za eneo hili, na kuanza kujiuliza maswali. Mwenye kupenda kusoma atafute historia ya Abaluyia aliyoiandika Gideon Were mwaka 1967, na ile ya Wabukusu ya F. E. Makila ya mwaka 1978. Njiani, barabara ya Kiminini, Kamukuywa na Misikhu itamfikisha Webuye. Huko ashuke aone mto Nzoia ukiporomoka katika maporomoko ya Nabuyole, mto uleule uliotoa jina la wilaya alikozaliwa. Aone na majengo ya kiwanda cha karatasi kilichofungwa mwaka 2009, aulize mji hufanywa nini unapopoteza kiwanda chake. Hiyo nayo ni historia ya kwao, japo haina ngoma. Juu yake ni Chetambe, ambapo mwaka 1895 Wabukusu waliokuwa wamejikinga ndani ya boma la handaki walishambuliwa na majeshi ya Waingereza yenye bunduki za rashasha, wakauawa wengi. Akifika Maeni, Kimilili, ataulizia habari za Elijah Masinde, aliyekuwa mchezaji kandanda hodari kabla ya kuongoza Dini ya Msambwa, na ambaye wakoloni walimhamishia Lamu baada ya wafuasi wake kupigwa risasi na polisi huko Malakisi, Februari 1948. Hakuna sababu ya mwanafunzi kukariri hayo kwa ajili ya mtihani wakati anaweza kuyakanyaga.

Nina hofu moja, nami niiseme. Ziara ya asili yaweza kumrudisha mtoto na kiburi badala ya elimu. Yaweza kumfanya aanze kusema "ardhi yetu" kwa sauti ileile iliyowafukuza wazazi wake Endebess. Kwa hiyo atembezwe pia mahali panapofunza hatari ya sauti hiyo. Bungoma si ya Wabukusu peke yao. Kuna Wateso, kuna Watachoni, na kwenye miteremko ya Mlima Elgon kuna Wasabaot, ambao nao wana masimulizi yao ya kuondolewa katika nyanda za Trans Nzoia wakati wa walowezi. Mgogoro wa ardhi ya mpango wa makazi wa Chepyuk, ulioanza miaka ya 1970, ulizaa mwaka 2006 kundi la wapiganaji lililoua na kukata watu masikio, na mwaka 2008 operesheni ya jeshi ambayo nayo iliacha wajane na malalamiko ya mateso. Wengi waliouana hapo walikuwa wa jamii moja na lugha moja. Na hata masimulizi ya Wabukusu wenyewe hayaanzii Bungoma. Wazee husimulia Misri, husimulia safari kuuzunguka mlima Masaba, husimulia kukaa na kuondoka. Mtoto atakayesikiliza kwa makini atagundua kwamba babu zake walikuwa wahamiaji kama baba yake aliyenunua ekari tano Kiminini.

Walimu wana nafasi kubwa hapa. Zoezi la likizo laweza kuwa kuandika nasaba ya vizazi vitano, au kurekodi kwa simu masimulizi ya mzee mmoja kwa lugha yake na kuyatafsiri kwa Kiswahili sanifu. Ila mwalimu wa Kitale awe mwangalifu. Darasani mwake wamo Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Wakikuyu, Waturkana na Wakisii, na wengine wamekaa dawati moja na watoto wa waliowafukuza babu zao. Wamo pia wasio na kijiji cha kwenda, ambao ukoo ulikatika kwa vita, kwa kuhamahama au kwa umaskini. Asiliweke zoezi kwa namna ya kuwapanga watoto kwa kwao. Aliyekwenda Bungoma asome insha yake, aliyekwenda Kapenguria asome yake, na asiyekwenda popote aandike habari za mzee wa mtaani Kipsongo. Baada ya hapo wabadilishane daftari.

Na ziara isiwe ya upande mmoja. Binamu wa Bungoma husikia habari za Kitale kama watu wasikiavyo habari za nchi tajiri: mahindi mpaka upeo wa macho, magari, ndugu waliofanikiwa wakasahau kwao. Dhana hiyo ndiyo huzaa manung'uniko yanayomsubiri mtoto wa Kitale anaposhuka stendi na begi lake. Dawa yake ni mwaliko. Novemba mahindi ya Trans Nzoia yakikauka na shule zikifungwa, watoto wa Chwele na Sirisia nao wapande matatu, walale Kiminini wiki tatu. Siku mbili za kwanza wachinjiwe kuku. Siku ya tatu wapewe magunia, waingie shambani pamoja na wenyeji wao.